MGOMBEA MPYA NA PAA LA MSIKITI

(Muhadhara uliotolewa mbele ya waumini wa Mkiwa, mkoani Singida, baina ya swala ya Magharibi na Isha)

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Masahaba wake na kila aliyefuata mwenendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad:



Jioni hii tumekaa chini ya paa lisilovuja. Wengi wenu mnakumbuka hali ilivyokuwa kabla ya hapo. Kila mvua iliponyesha tulikuwa tukikunja mikeka na kusogea kufuata pembe iliyo kavu, na imamu akiswalisha huku maji yakimdondokea begani. Leo hayo hayapo, nasi humshukuru Mwenyezi Mungu kwa neema hiyo. Lakini paa hili lina habari yake, na habari hiyo haijawahi kusemwa mbele ya jamaa wote. Tumeona ni wajibu tuiseme, kwa kuwa ndani yake limo kosa, na kosa lenyewe ni letu.

Katikati ya mwaka 2020, wakati vyama vilipokuwa vikijiandaa kwa Uchaguzi Mkuu wa mwezi wa Oktoba, alitujia kijana wetu mmoja, mtoto wa hapa hapa, aliyesoma juzuu zake za mwanzo katika madrasa yetu. Alikuwa hajawahi kugombea hata uenyekiti wa kitongoji. Alikuja kutuarifu kwamba amenuia kuchukua fomu ya kuomba ubunge kupitia chama chake, naye alitaka kwetu mambo mawili tu: dua na nasaha. Jina lake hatulitaji, wala chama chake hatukitaji, kwa sababu neno letu leo halimhusu yeye peke yake.

Je, tulimpa nini? Dua tulimpa, ya haraka haraka. Nasaha hatukumpa. Badala yake tulimpa orodha: mabati kadhaa, mbao, misumari na mifuko ya saruji. Tukamwambia kwamba mtu mwenye nia ya kuongoza huonekana kwa mkono wake. Na sisi tunaosema nanyi sasa tulikuwa miongoni mwa walioiandika orodha ile.

Kijana yule alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Inshaallah, masheikh zangu." Baada ya siku chache mabati yakashushwa hapa uwanjani. Kura za maoni za chama chake zikapigwa, hakupata. Akaondoka kijijini kwenda kutafuta maisha, nasi tukaendelea kuswali pakavu. Mwaka uliofuata ndipo tulipopata habari kwa mzee wake kwamba mabati yale yalichukuliwa kwa mkopo, kwamba ng'ombe wawili wa familia wameuzwa mnadani, na kwamba hata hivyo deni halijesha.

Ndugu zetu, kijana alikuja kuomba nasaha, akaondoka na deni. Hilo ndilo lililotusimamisha hapa. Tunataka tuzungumze juu ya mtu anayeomba kiti cha kutunga sheria kwa mara ya kwanza: anaomba nini, tumpime kwa kipimo gani, na vipi sisi wenyewe twaweza kumharibu kabla hajakikalia kiti hicho.

JE, YAFAA MTU KUUOMBA UONGOZI?

Hili ni swali ambalo vijana hutuuliza mara kwa mara. Wapo wanaosema kuwa Muislamu haombi uongozi abadan, na hutoa dalili katika Hadithi ya Abdurrahman bin Samura (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim. Maana yake ni kwamba Mtume (s.a.w.) alimkataza kuomba uongozi, kwa kuwa anayepewa bila ya kuomba husaidiwa juu yake, na anayepewa kwa kuomba huachiwa mzigo wake mwenyewe. Vilevile Abu Dharr (r.a.), pamoja na uchamungu wake wote, aliambiwa kuwa yeye ni dhaifu kwa jambo hilo, na kwamba uongozi ni amana ambayo Siku ya Kiyama huwa fedheha na majuto, isipokuwa kwa aliyeuchukua kwa haki yake na akatekeleza yaliyompasa.

Wengine husema kuwa Nabii Yusuf (a.s.) aliomba mwenyewe kuwekwa juu ya hazina za nchi ya Misri, kama ilivyoelezwa katika Surat Yusuf, aya ya 55. Hilo ni kweli. Lakini tazameni ni wakati gani aliomba, na kwa hoja gani. Aliomba wakati nchi ilikuwa inaelekea kwenye miaka ya njaa, naye ndiye aliyekuwa ameijua njia ya kuwaokoa watu. Na hoja aliyoitoa haikuwa ukoo wake, wala uzuri wa sura yake, wala dhulma aliyofanyiwa gerezani. Alitaja mambo mawili: kwamba yeye ni mwenye kuhifadhi, na kwamba ni mwenye ujuzi.

Maelezo ya wanazuoni yanatufunulia kuwa dalili hizi hazipingani. Anayekatazwa ni yule anayekitaka kiti kwa ajili ya kiti chenyewe, au anayejua kuwa hana uwezo nacho. Anayeruhusiwa ni yule anayeiona haja ya watu, akajijua kuwa anao uwezo wa kuitimiza, na akaogopa kuwa akikaa nyuma haki itapotea. Na katika nchi yetu utaratibu wenyewe hauna njia nyingine. Mtu hawi mbunge wa jimbo ila kwa kuchukua fomu, kudhaminiwa na wapiga kura na kuteuliwa na chama cha siasa. Kwa hiyo suala si kuomba tu. Suala ni anaomba kwa nia gani, na kwa sifa gani.

Sifa mbili za Nabii Yusuf (a.s.) zinafanana na zile alizozitaja binti wa mzee wa Madyan alipomshauri baba yake amwajiri Nabii Musa (a.s.), katika Suratul-Qasas, aya ya 26: nguvu na uaminifu. Nguvu bila ya uaminifu ni wizi wenye mafanikio. Uaminifu bila ya nguvu ni mlinzi mwema aliyelala usingizi. Mgombea mpya apimwe kwa yote mawili.

KITI ANACHOKIOMBA NI KAZI GANI?

Hapa ndipo tunapokosea wengi. Mgombea akisimama pale njia panda ya Mkiwa, ambapo barabara ya kwenda Itigi na Rungwa inaachana na ile ya Dodoma na Singida, watu humtaka aahidi lami, visima, zahanati na umeme. Naye, kwa kuwa ni mgeni wa mambo, huahidi vyote. Kisha miaka mitano ikipita tunamwita mwongo. Pengine hakukusudia uongo. Pengine yeye hakujua kazi aliyokuwa akiiomba, na sisi hatukujua kazi tuliyokuwa tukimtuma.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya 1977, katika ibara ya 63, imeeleza kazi za Bunge: kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, kumwuliza waziri maswali, kujadili utekelezaji wa kila wizara wakati wa bajeti, kujadili mipango ya nchi, kutunga sheria na kuridhia mikataba. Humo hamna kuchimba kisima. Na ibara ya 99 inalizuia Bunge kushughulikia pendekezo la kutoza kodi au kutoa fedha katika Mfuko Mkuu wa Hazina isipokuwa limetoka kwa Rais na kuwasilishwa na waziri. Basi mbunge hawezi kusimama peke yake akaamuru fedha za barabara zitoke. Anachoweza ni kuuliza, kuhoji, kushauri, kufuatilia na kupiga kura.

Ni kweli kwamba ipo Sheria ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo ya 2009, ambayo humweka mbunge kuwa mwenyekiti wa kamati ya mfuko huo. Na ni kweli kwamba mbunge huhudhuria vikao vya baraza la madiwani la halmashauri yake. Huko anaweza kusaidia darasa likaezekwa au kisima kikatengenezwa. Lakini mfuko ule ni kichocheo tu, na fedha zake si mali yake, bali ni za wananchi.

Kwa hivyo mgombea mkweli hasemi: "Nitawaleteeni lami." Husema: "Nitauliza kwa nini haijafika, nitawasomeeni jibu nililopewa, na nitarudi kuuliza tena." Maneno haya ni machache na hayapigiwi vigelegele. Lakini ndiyo yanayolingana na kazi yenyewe. Na kama sisi tunawazomea wenye kusema kweli na kuwashangilia wenye kuahidi yasiyo mikononi mwao, basi tusistaajabu tunapoongozwa na waongo.

FEDHA NA UCHAGUZI: TULIKOTOKA

Ndugu zetu, si kila zama mgombea katika nchi hii alihitaji fedha nyingi. Mwaka 1965, katika uchaguzi wa kwanza chini ya chama kimoja, TANU iliteua wagombea wawili katika jimbo. Mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba. Mikutano iliandaliwa na chama, wagombea wote wawili wakasimama mbele ya watu wale wale, na ilikatazwa kufanya kampeni kwa misingi ya kabila, dini au rangi. Watu walisikiliza, wakachagua. Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alishindwa. Bibi Titi Mohamed, mwanamke wa Kiislamu aliyekuwa nguzo kubwa ya kupigania uhuru, alishindwa kule Rufiji. Hatusemi kwamba zama zile hazikuwa na kasoro. Chama kilikuwa kimoja tu, na mwenye rai nyingine hakuwa na pa kwenda. Tunachosema ni kwamba mtu asiye na kitu aliweza kusimama sawa na waziri mbele ya wananchi.

Baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992, gharama zikapanda, na pamoja nazo likaja neno "takrima". Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa, na jambo linalofanywa kwa nia njema kama ukarimu wa kawaida au wa kimila likaondolewa katika hesabu ya rushwa. Neno la takrima katika lugha yetu ya dini ni neno zuri: kumkirimu mgeni ni katika imani. Lakini likageuzwa kuwa pazia. Pilau, kanga, fulana na bahasha vikapita nyuma yake. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na asasi nyingine mbili wakalipeleka shauri Mahakama Kuu, na mwezi wa Aprili 2006 Mahakama ikavifuta vifungu hivyo kwa kuwa vilikwenda kinyume na Katiba. Kisha ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010, inayomtaka mgombea aeleze mapato na matumizi yake, na inayokataza zawadi za kushawishi wapiga kura, hata katika uteuzi wa ndani ya vyama.

Sasa tuzirudishe habari hizi kwetu. Sheria imeshasema, Mahakama imeshasema, na dini yetu ilisema kabla yao. Ni nani basi aliyeendelea kuandika orodha ya mabati? Ni sisi.

"SADAKA HAIKATALIWI"

Tulipokuwa tukiipokea shehena ile, baadhi yetu tulijipa moyo kwa kusema: "Hii ni sadaka, na sadaka haikataliwi. Na ni ya nyumba ya Mwenyezi Mungu, si ya mfuko wa mtu." Hoja hii ni tamu masikioni, kwa hiyo tuitazame vizuri.

Katika Hadithi sahihi imekuja habari ya Ibnul-Lutbiyya, mtu aliyetumwa na Mtume (s.a.w.) kukusanya zaka. Aliporudi aligawa mali mafungu mawili, akasema hili ni lenu, na hili nimezawadiwa mimi. Mtume (s.a.w.) akapanda juu ya mimbari, akamhimidi Mwenyezi Mungu, kisha akauliza kwa maana hii: kwa nini mtu huyu asingekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, akaona kama angeletewa zawadi hiyo?

Basi hicho ndicho kipimo, nacho ni chepesi kukishika. Mtu akikupa kitu, jiulize: lau asingekuwa anagombea, angekileta? Na lau sisi tusingekuwa wapiga kura, angetuletea? Kama jibu ni ndiyo, hiyo ni sadaka. Kama jibu ni hapana, basi hata ikiitwa sadaka, na hata ikipigiliwa misumari juu ya msikiti, jina lake halibadiliki. Na Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji pia.

Na kwa upande wetu lipo jambo zito zaidi. Katika watu watatu ambao Mwenyezi Mungu hatasema nao Siku ya Kiyama, ametajwa mtu aliyempa kiongozi ahadi ya utii kwa ajili ya dunia tu: akipewa anachokitaka hutimiza, na asipopewa hatimizi. Tulipomwambia kijana yule kwamba nia yake itaonekana kwa mkono wake, je, hatukuwa tukijiingiza katika kundi hilo?

Fikirini pia matokeo yake. Mgombea anayeingia katika kiti akiwa na madeni ya mabati, fulana na posho za wapambe, ataanza na lipi: kuuliza maswali yetu, au kulipa madeni yake? Siku ya kwanza Bungeni ataapa kiapo cha uaminifu, lakini mdai wake atakuwa ameshamtangulia. Kila bati tunalomdai kabla ya uchaguzi, atatafuta mahali pa kulirejesha baada ya uchaguzi, na mahali penyewe ni katika mali ya umma: dawa ya zahanati, dawati la mtoto, maji ya mama anayetembea na ndoo kichwani.

FUNZO LA JIMBO LETU

Sisi wa Mkiwa tumo katika Wilaya ya Ikungi, na jimbo letu, katika miaka tunayoitaja hapa, lilijulikana kwa jina la Singida Mashariki. Habari za jimbo hili zinajulikana nchi nzima. Tunazitaja hapa si kwa kumpigia debe mtu wala kumshutumu mtu, bali kwa kuwa ndani yake mna mafunzo kwa kila anayeanza.

Tundu Lissu, mwana wa wilaya hii, alipogombea ubunge kwa mara ya kwanza mwaka 1995, kupitia NCCR-Mageuzi, alishindwa. Akarudi katika kazi yake ya sheria. Mwaka 2010, baada ya miaka 15, alisimama tena kupitia CHADEMA na akachaguliwa, kisha akachaguliwa tena mwaka 2015. Tarehe 7 Septemba 2017 alishambuliwa kwa risasi mjini Dodoma, akawa nje ya nchi kwa matibabu. Mwezi wa Juni 2019 Spika alitangaza kuwa kiti kimekuwa wazi, akitaja kutohudhuria vikao bila ya taarifa ya maandishi na kutowasilisha tamko la mali. Mwenyewe alilipinga jambo hilo mahakamani, na ombi lake halikukubaliwa. Katika uchaguzi mdogo uliofuata, Miraji Mtaturu wa CCM alitangazwa kupita bila kupingwa, akaapishwa Septemba 2019.

Tuchukue mafunzo matatu. La kwanza: kushindwa mara ya kwanza si aibu, wala si mwisho wa safari. Kama mtu alikuwa na kazi ya halali na elimu yenye manufaa, hurudi kwayo, na watu huendelea kumpima. La pili: kiti si milki. Huja na huondoka kwa njia ambazo mtu hakuzipanga, na mwenye akili hajengi maisha yake yote juu ya kitu cha namna hiyo. La tatu latuhusu sisi. Mwaka 2019 jimbo zima lilipata mbunge na hapakuwa na karatasi hata moja ya kura iliyotumbukizwa kumchagua. Uchaguzi usipofika kwenye sanduku, maswali ya wananchi nayo hayafiki kwa mgombea. Kura ni amana, na baadhi ya wanazuoni wa zama hizi wameilinganisha na ushahidi. Mwenyezi Mungu ametukataza kuuficha ushahidi katika Suratul-Baqara, aya ya 283. Basi tusiichukulie nafasi ya kuuliza na kuchagua kuwa ni jambo dogo, ipatikanapo.

MASWALI AMBAYO TULISTAHIKI KUMWULIZA

Lau tungekuwa wenye hekima mwaka ule, kijana wetu angeondoka hapa na maswali badala ya orodha ya mabati. Tunayataja sasa, ili akija mwingine, wa chama chochote na wa dini yoyote, tusirudie kosa.

1. Umejiandaa kwa elimu gani? Umeisoma Katiba? Umewahi kusoma taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali juu ya halmashauri yetu? Sheria inamtaka mbunge ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza na awe ametimiza miaka 21. Hicho ni kizingiti cha chini kabisa. Kazi yenyewe yataka zaidi.

2. Fedha za kampeni zako zimetoka wapi, na nani anakudai? Imepokewa kuwa Umar bin Khattab (r.a.) alikuwa akiandika mali za magavana wake kabla hawajaenda kazini. Na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 inamtaka mbunge atoe tamko la mali na madeni yake. Asiyependa kuulizwa na jamaa zake leo, atawezaje kusema kweli kesho?

3. Chama chako kikisema hivi, na haki ikawa kule, utasimama wapi? Tunajua ugumu wake. Katiba yetu haikumruhusu mgombea binafsi. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hilo mahakamani tangu miaka ya 1990, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikampa haki mwezi wa Juni 2013. Na mbunge anayepoteza uanachama wa chama chake hupoteza na kiti. Kwa hiyo anayeanza ajue mapema kwamba ana mabwana wawili, na atuambie ni katika mambo gani hatanyamaza.

4. Utawatumikiaje wasiokupigia kura? Hapa kwetu Waislamu na Wakristo wanachota maji kisima kimoja na kuuza alizeti katika gulio moja. Asiyefaa hafanywi kuwa afaaye kwa sababu anaswali nasi safu moja, na mwadilifu hanyimwi haki yake kwa sababu haswali nasi. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 135, tumeamrishwa kusimamia uadilifu japo dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu.

5. Utarudi lini kutuhesabia? Na ukishindwa, je, utaendelea kuwa mtu wetu? Abu Bakr (r.a.), siku ya kwanza ya ukhalifa wake, aliwaambia watu kwa maana hii: kwamba amepewa uongozi juu yao naye si mbora wao, akifanya vizuri wamsaidie, na akienda kombo wamnyooshe. Mgombea asiyetaka kunyooshwa kabla ya kupata kiti, hatanyoosheka baada ya kukipata.

DENI LILILO JUU YA VICHWA VYETU

Ndugu Waislamu, hatukupanda hapa kuwasomea habari kisha tukatawanyika. Tumezungumza na kamati ya msikiti, na tumekubaliana kuyaleta mbele yenu mapendekezo haya.

Kwanza, tangu vyama vinapoanza uteuzi mpaka matokeo yatakapotangazwa, msikiti huu usipokee chochote kutoka kwa mgombea wala mpambe wake: si zulia, si kipaza sauti, si mfuko wa saruji, si futari. Mwenye sadaka ya kweli hatashindwa kuileta baada ya hapo.

Pili, nyumba ya ibada isiwe jukwaa la kampeni. Maadili ya uchaguzi yanakataza hilo, na adabu ya msikiti inakataza kabla yake. Mgombea akija kuswali, ni ndugu yetu katika safu. Akitaka kutusemesha juu ya kura, upo uwanja wa kijiji, na kila mgombea asikilizwe kwa adabu ile ile.

Tatu, nalo ndilo zito. Thamani ya mabati yaliyo juu ya vichwa vyetu tuilipe. Mweka hazina ameihesabu, na kila mwenye nyumba atatoa kwa kadiri ya uwezo wake baada ya mavuno ya alizeti, awe ni mwenye gunia au mwenye debe. Hesabu itasomwa kila Ijumaa mpaka iishe, na fedha zitakabidhiwa kwa mzee wa kijana yule mbele ya mashahidi. Sisi tulioiandika orodha tutaanza.

Huenda mtu akasema: "Kijana mwenyewe hajadai." Ni kweli, hajadai. Alisema "Inshaallah, masheikh zangu," akaubeba mzigo wetu akanyamaza. Lakini Mwenyezi Mungu, katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, ametuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe, na hakuweka sharti kwamba mwenyewe adai kwanza. Tukilipa, huenda siku moja atarudi. Akitaka kugombea tena, tutamkalisha hapa na kumwuliza yale maswali matano. Na asipotaka, atakuwa amejua angalau kwamba wazee wake walikosea, wakajua kuwa wamekosea, wakarejesha.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tulipokosea, atujaalie viongozi wenye kuhifadhi na wenye ujuzi, atujaalie sisi kuwa watu wanaostahiki viongozi wa namna hiyo, na aifanye nchi yetu kuwa nchi ya amani na uadilifu kwa wote wanaoishi ndani yake. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.